Fundo Shingoni mwa Shangazi

Jua lilikuwa linaaga nilipofunga duka, nikamlaza Shangazi ndani ya kapu, nikamfunika kwa kipande cha bitana na kumpeleka kwa daktari wa wanyama.

Shangazi alikuwa paka. Mama ndiye aliyempa jina hilo, maana alikaa mlangoni mwa duka akiwatazama wateja juu hadi chini, kana kwamba wamekuja kuposa wanawe. Mama alikuwa fundi cherehani. Alipofariki, mimi nikarithi cherehani na paka. Mdogo wangu akarithi kicheko chake.

Mdogo wangu tunamwita Kashoto, kwa sababu ya mkono wake. Mama alihangaika naye sana. Fundo lake la kumalizia mshono lililalia upande wa pili kila mara, hata apigwe rula. Mwishowe Mama alisalimu amri.

"Lilalie popote," alisema. "Uzi mzuri ni ule usioonekana."

Sasa Shangazi alikuwa na uvimbe chini ya taya. Ulianza kama punje ya harage. Jioni ile ulijaa kiganja changu, na pumzi yake ilitoka kwa mluzi mwembamba. Nilimwonea huruma hadi nikaona aibu mbele ya wapita njia, mtu mzima ninaongea na kapu.

Lakini sikuwa na huruma tu. Nilikuwa na hofu.

Kashoto alipokuwa hajaanza shule, aliota uvimbe pale pale. Chini ya taya, upande ule ule. Madaktari walitikisa vichwa. Jioni moja Mama alitoka peke yake, akarudi na kitoto cha paka. Kashoto akapona. Hatukuuliza kitu, kwani nani humhoji aliyepona? Leo Kashoto ni mwalimu, ana mimba ya kwanza, na bado tunaishi pamoja. Na paka yule yule bado alikuwa hai. Paka gani huishi miaka yote hiyo?

Kwenye benchi la kusubiria palikuwa na mwanamke mmoja tu. Miguuni pake palikuwa na kapu lililofunikwa. Harufu ya dawa ilijaa chumba kizima, ila upande wake palinuka udongo mbichi... udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Shangazi alianza kulia ndani ya kapu. Sauti sikuijua.

"Amezeeka," mwanamke alinong'ona.

"Unamfahamu?"

"Mimi ndiye niliyempa mama yako."

Nilimtazama. Hakunizidi umri.

"Mama alishafariki," nilisema.

"Najua. Alikuwa na mkono mzuri." Akainama karibu. "Daktari atataka kukata. Ukikatwa uzi, kitarudi kwa mwenyewe. Paka akifa nao, kitarudi kwa mwenyewe."

"Kitu gani?"

"Hufunguliwa tu, mwanangu. Na anayefungua ndiye anayepokea."

Mlango ulifunguliwa, daktari akaniita. Nilipogeuka nyuma, benchi lilikuwa tupu.

Daktari alikuwa kijana mchangamfu. Alimnyoa Shangazi shingoni huku akiimba kwa pua. Ghafla akanyamaza.

"Dada... sogea uone."

Uzi.

Uzi wa kaki, ule wa kushonea sare za shule, ulimzunguka Shangazi shingo nzima. Rangi yake na ya manyoya ilikuwa moja. Ulikuwa umezama, nyama imeota juu yake, na juu ya uvimbe lilichungulia fundo.

"Nani kamfanyia hivi?" daktari aliuliza, mkono wake tayari uko kwenye mkasi.

"Usikate!"

"Dada, huyu anakufa."

Simu yangu ililia. Kashoto.

"Dada, uko wapi? Shingo inaniuma tangu mchana. Hata kumeza siwezi. Sijui niliilalia vibaya..."

Sauti yake ilikuwa na mluzi mwembamba.

Niliiweka simu mezani. Nilitoa sindano niliyokuwa nimeichomeka kwenye ukosi wa blauzi, nikainama. Fundo lile la Mama nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Mizunguko mitatu, ncha imefichwa chini. Nililichokonoa kwa ncha ya sindano, nikilia, machozi yakidondokea manyoya ya mzee wa watu. Shangazi hakunikwaruza. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akiwatazama wateja.

Fundo likaachia.

Shangazi akashusha pumzi moja ndefu, isiyo na mluzi. Hakuvuta nyingine.

Daktari alipapasa shingo yake, akapapasa tena. Ilikuwa bapa. Uvimbe haukuwepo.  Alikwenda kunawa mikono, na nilipoondoka bado alikuwa ananawa.

Kashoto alinipokea mlangoni akiwa mzima, akimeza mkate. Alipoona kapu alilia kuliko mimi. Tulimzika Shangazi nyuma ya duka, karibu na dirisha alilopenda kuotea jua.

Asubuhi nilijigusa chini ya taya. Punje ya harage.

Nilivaa skafu. Lakini mtu mliyekua naye mkigombania shuka moja utamficha nini? Wakati wa chai Kashoto aliniangalia, akaacha kutafuna.

"Dada, una nini hapo?"

"Mbu."

"Mbu," alirudia. Hakucheka.

Jioni, giza likianza kuingia, alisema anakwenda kununua mkate. Alirudi na kapu. Ndani kulikuwa na kitoto cha paka, cheupe pe, kikilia njaa. Harufu ya udongo mbichi iliingia pamoja nacho.

"Kirudishe," nilimwambia.

"Kwa nani?"

"Kashoto, nakuomba. Kirudishe."

Akanitazama kwa macho ya Mama, akaenda kukitafutia maziwa. Nilifunga droo ya nyuzi kwa ufunguo, nikaulalia ufunguo chini ya mto.

Niliamka kukiwa kweupe. Nilimeza mate, hayakuuma. Nikajipapasa. Hamna kitu.

Ufunguo haukuwepo.

Kifuani kwangu kulikuwa na uzito mdogo, wa moto. Kitoto cha paka kilikuwa kimelala pale kikikoroma. Niliyatenga manyoya ya shingo yake. Uzi mweupe. Umechaguliwa vizuri, ufanane na manyoya.

Na fundo lililalia kushoto.

Kashoto alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba kwa kulia, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Nilikuwa macho, Dada," alinong'ona. "Siku ile Mama alipofunga, sikuwa nimelala. Niliona yote."

"Ni mtoto huyu, Kashoto. Kakosa nini?"

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Na wewe ndiye pekee niliyebaki naye."

Niliishika ncha ya uzi. Fundo bado lilikuwa jipya, kuvuta mara moja tu kungetosha. Kitoto cha paka kilifumbua macho, kikanilamba kidole gumba.

Nilikaa hivyo, ncha mkononi, huku tunalia wote wawili. Kidole changu hakikuvuta.

Kisha nikayalaza manyoya juu ya uzi, taratibu, mpaka ukawa hauonekani.