Taa Mpya za Morris ya Ikhmal

"Breki! Ikhmal, breki!"

Hakukanyaga. Nikaing'ang'ania breki ya mkono kwa mikono yangu yote miwili, Morris ikalia, ikayumba, ikasimama kwenye nyasi. Mzee mmoja alikuwa amejirusha mtaroni na baiskeli yake, na mboga zake zote zimemwagika.

Nikashuka mbio.

"Mzee wangu, umeumia?"

"Sijaumia, mwanangu. Lakini dereva wako huyu ana wazimu? Taa kali hivyo, zinanimulika mpaka kwenye meno, na bado ananifuata!"

Nikamwinua, nikamkusanyia mboga zake, nikamwomba radhi mpaka ulimi ukauma. Alipoondoka nikarudi kwenye gari. Ikhmal alikuwa bado ameshika usukani.

"Alitokea wapi yule?" akauliza.

"Alikuwepo."

"Alichomoka vichakani, Dina. Ghafla tu."

"Alikuwepo tangu pale darajani! Mimi nimeona mpaka viraka vya shati lake!"

"Basi ni hizi taa zako. Mbele zinamulika, pembeni giza. Labda umekosea tena waya."

Hapo alinigusa pabaya. Mimi Wardina ni fundi umeme wa magari, ufundi nimeurithi kwa baba yangu hapa hapa mjini kwetu Taiping, na zile taa za LED nilizifunga mwenyewe wiki ile. Ni kweli mara ya kwanza nilichemsha. Hizi Morris za zamani nyaya za betri zimefungwa kinyume na magari ya siku hizi, chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Nikachomeka LED za kawaida, zikaninunia. Karakana nzima ikanicheka. Nikaagiza zinazofaa, nikafunga upya, zikawaka mpaka paka wa baba akapanda juu ya kabati.

Na nilifanya yote hayo kwa ajili yake. Kazi ya Ikhmal ilikuwa kubeba mabwana harusi kwenye Morris ile ya kijivu iliyopambwa maua. Kila akikwaruza ukuta au akikosa kona, alikuwa na jibu moja: "Taa za Morris, mishumaa miwili!" Watu wanacheka, mimi nacheka. Nani asiyejua kwamba taa za magari ya kizamani ni hafifu? Tulikuwa tumebakiza miezi michache tuoane, nikasema mchumba wangu hatakufa kwa sababu ya mishumaa wakati mimi nipo.

Sasa mishumaa haikuwepo tena. Barabara ilikuwa nyeupe mpaka kwenye kona.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Usizime taa."

Nikaenda nikasimama palepale aliposimama yule mzee, ukingoni mwa barabara. Mwanga ulinipiga kifuani. Kivuli changu kililala nyuma yangu kwenye nyasi.

"Abang!" Kwetu mwanamke humwita hivyo mwanamume wake. Mimi nikimwita Ikhmal, ajue kumekucha. "Abang, niko wapi?"

Akatazama mbele. Akatabasamu upande ambao sikuwepo.

"Acha utani, Dina. Rudi garini."

"Niko wapi?"

"Uko... si uko nyuma ya gari?"

Nikarudi, nikafungua mlango wa dereva.

"Sogea. Naendesha mimi."

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana Ikhmal usukani wa gari lile hakumwachia mtu.

Tulipofika kwao, mama yake, Mak Kalsom, alikuwa mlangoni. Aliponiona nashuka upande wa dereva, akakaa chini kwenye ngazi.

"Imeanza?" akauliza.

"Nini kimeanza, mama?"

"Baba yake naye alianza hivyo hivyo. Akalaumu taa, akalaumu mvua, akalaumu barabara..."

"Mama, nyamaza!" Ikhmal akapaza sauti.

"Sinyamazi! Tangu mwaka jana uliporudi kutoka kwa daktari nakwambia mwambie mwenzako, mwambie mwenzako. Mtoto wa watu huyu!"

Nikamgeukia. "Mwaka jana?"

Akageuza uso kuelekea gari.

"Daktari alisema nini, Ikhmal?"

"Alisema macho yanakufa kutoka pembeni. Taratibu. Giza likiingia ndiyo mbaya zaidi. Lakini si sana, Dina. Kwa taa nzuri..."

"Mwaka jana ulinipakia mimi na mtoto wa dada yangu tukaenda mji wa Ipoh. Tukarudi giza limeingia. Mtoto amelala mapajani mwangu!"

"Ile njia naijua hata nikifumba macho."

"Si ndivyo ulivyoiendesha, umefumba! Na watu je? Watu nao wamepandwa barabarani kama miti, useme unawajua walipo?"

Mak Kalsom alikuwa analia. Mimi nilichokuwa nakitaka wakati ule ni neno moja tu kutoka kwa Ikhmal. Badala yake akasema:

"Labda ukizipandisha kidogo hizo taa."

Jamani! Nilitamani nimpige na nilitamani nimkumbatie.

"Sikiliza, Ikhmal. Macho hukuyachagua, na mimi sikuachi kwa ajili ya macho. Lakini umenikalisha kwenye kiti cha pembeni mwaka mzima ukijua. Siku utakayoniambia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba huoni, nitakuja. Kabla ya hapo usinipigie."

Nikaenda nyumbani kwa miguu, nalia njia nzima.

Hakupiga. Alituma ujumbe.

"Dina, nimeangalia, nadhani taa ya kulia iko chini."

Nikamjibu: "Taa iko sawa."

"Au betri imechoka."

"Betri ni mpya."

"Balbu za zamani unazo bado? Labda zile zilinizoea."

Huo sikuujibu. Nilikuwa chini ya Toyota ya mteja, nikajifuta macho kwa mkono wenye grisi, na baba akaja akachuchumaa.

"Mwanangu, mwanaume akikubali kwamba haoni, gari limekwenda, kazi imekwenda, na yeye mwenyewe anajiona amekwenda. Mpe nafasi."

"Baba, akiua mtu je?"

Akanishika bega, akaenda kuwasha redio.

Mvua ikanyesha siku baada ya siku, kama kawaida ya Taiping. Simu ikaita asubuhi moja nikiwa nakunywa chai.

"Dina."

"Eeh."

"Taa ni nzima."

Nikaweka kikombe chini.

"Taa ni nzima," akarudia. Sauti yake ilikuwa inakatika. "Hukukosea waya. Mimi ndiye sioni."

"Sema tena."

"Sioni, Dina. Asubuhi hii nimemkanyaga mama. Alikuwa ameinama anafagia mbele yangu, nikamkanyaga mkono. Mama yangu. Na jua limeshatoka."

Nililia, naye alilia, tukawa watu wawili wanaolia kwenye simu bila maneno.

"Ufunguo wa Morris nimempa baba yako," akasema mwishowe. "Sasa umeshajua. Tafuta mwanaume mwenye macho yake, uolewe. Sitakulaumu."

"Nani amekuuliza?"

"Dina, nitakuwa mzigo."

"Nimekuuliza? Nakuja. Weka chai."

Nikamkuta amekaa barazani. Nilipomkaribia nikataka kukaa naye ubavuni, akanyoosha mkono kunizuia.

"Hapana. Rudi nyuma kidogo."

"Unanifukuza?"

"Siyo hivyo. Kilichobaki ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukiwa karibu naona pua. Rudi nyuma. Tena. Tena."

Nikarudi kinyumenyume mpaka uani kwenye manyunyu.

"Hapo," akasema. "Hapo nakuona juu mpaka chini. Mungu wangu, umekonda."

"Na tundu lenyewe?"

"Linaziba. Daktari hajui lini. Ila litaziba."

Tukaiwahisha harusi. Watu walisema yao, wengine wakasema nimepewa dawa. Mama yangu akaniuliza usiku na mchana kama nimefikiri sawasawa. Nilimjibu kwamba nimefikiri na nimelia, na vyote nimemaliza. Uongo huo, kulia sikuwa nimemaliza.

Siku ilipofika, baba ndiye aliyemleta Ikhmal. Kijana aliyebeba mabwana harusi wa mji mzima, siku yake amekaa kiti cha nyuma, anaendeshwa. Dufu zikapigwa, mwavuli wa manjano ukafunguliwa, mama yake akamshika mkono mpaka kwetu. Morris ikaegeshwa mwisho wa uwanja, uso umeelekea turubai.

Tukakalishwa kwenye jukwaa la maharusi, bega kwa bega, mfalme na malkia wa siku moja. Malkia hacheki ovyo na hainuki mpaka wazee wote wapite kutunyunyizia maji ya waridi. Mvua ikaanza kumwagika, wingu likashuka, kukawa giza mchana.

Ikhmal akaninong'oneza bila kugeuza kichwa.

"Umevaa rangi gani?"

"Kijani. Hukuona?"

"Naona kidole chako chenye hina. Kimoja. Kizuri sana."

"Na mimi je?"

"Sikuoni, Dina. Uko karibu mno, na giza."

Aliniambia kweli, kama nilivyomtaka. Shangazi zangu walikuwa wamepanga foleni na bakuli la maji ya waridi, na mimi nikasimama.

"Wardina!" Mama alishtuka. "Kaa chini! Wee, bibi harusi haondoki!"

"Narudi, mama."

"Watu watasema umemkimbia mumeo!"

"Waseme."

Nikakusanya gauni langu, nikateremka jukwaani, nikapita katikati ya meza za wali na nyama ya rendang. Vijiko vikasimama hewani. Mtu mmoja akasema, "Haya, nilijua tu." Ikhmal aliposikia minong'ono akashika kiti changu kitupu, akapapasa, uso ukamwanguka. Sikuweza kumwambia kitu pale, ningelia.

"Baba!" nikaita. "Taa!"

Baba alinitazama, akamtazama mkwewe, akaelewa. Akakimbia kwenye mvua, akaingia kwenye Morris, akawasha.

Nilitoka nje ya turubai nikasimama mwishoni kabisa, ndani ya mwanga wa taa zangu mwenyewe. Mvua ikanishukia kwenye gauni, wanja ukaanza kuteremka. Nikageukia jukwaa.

"Abang!"

Akainua kichwa. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia, taratibu. Kisha uso wake ukatulia.

"Unaniona?"

Akainuka. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Nakuona," akasema. "Nakuona juu mpaka chini. Viatu, gauni, mkufu... Dina, umependeza. Umependeza mno."

Mak Kalsom akaficha uso kwenye mtandio wake. Yule aliyesema alijua tu akaweka kijiko chini.

"Tazama, Abang," nikamwambia. "Tazama mpaka utosheke. Ukitosheka sema, nitarudi nikae."

Hakusema. Wazee walisubiri na maji yao ya waridi, wali ukapoa, gauni likalowa mpaka likawa zito, na mimi sikuondoka pale kwenye mwanga mpaka yeye mwenyewe aliposhuka jukwaani na kuanza kunijia, mikono mbele. Na kila hatua aliyonikaribia, alikuwa anaona kidogo zaidi.