Kanzu ya Laith Juu ya Chetezo

Haya hayakunifika mimi. Yalimfika sahibu yangu Soud, hapa hapa mjini Ibra, mbali na bahari, mwaka 2003. Anayetaka kucheka na acheke. Mwanawe Laith alipotea huko Wales, kwenye mji wa pwani alikokuwa akisoma. Alionekana akitoka baa, basi, hakuonekana tena.

Soud, ambaye umri wake wote hajakanyaga baa, alikuwa akifunga sanduku aende akazizunguke zote za mji ule, picha ya mwanawe mkononi.

"Utaingiaje humo, Baba Laith, na ndevu hizo?" aliuliza mkewe, Ghaniya.

"Ntaingia. Ntaanza na ile ya karibu na gati."

Ghaniya alitandaza kanzu ya Laith juu ya tenga la kufukizia nguo, akasukuma chetezo cha makaa chini yake, ipate kunukia udi kabla ya kutiwa sandukuni. Kijana akipatikana atataka nguo safi. Wote wawili walijua hapatikani, ila hakuna aliyethubutu kulitamka.

Mara umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha; kukawa kiza totoro, na kiyoyozi kikanyamaza. Ndipo Soud aliposikia makaa yakilia: chwii. Kimya. Kisha tena, chwii, kama yanayodondokewa na maji.

"Unamwaga maji, Ghaniya?"

"Mie niko jikoni, natafuta mshumaa," sauti ikamjibu kutoka mbali.

Umeme uliporudi, kanzu ilikuwa kavu. Chetezo kilikuwa kimejaa maji hadi ukingoni, makaa yanaelea. Soud alichovya kidole, akakitia mdomoni. Yalikuwa maji ya chumvi, na baridi yake ilimuuma meno.