Kambale Afe Leo, na Watoto Wake Wote

"Njo yeye, commandant! Njo ule!"

Ndiye huyo, na kidole kilikuwa kinanielekea mimi. Na aliyekinyoosha... jamani, aliyekinyoosha alikuwa mchumba wangu!

Gérard. Yule ambaye wazee wake walikuwa wameleta mbuzi za mahari kwetu Kimemi. Yule ambaye kitenge cha harusi yetu kilikuwa tayari kwa fundi cherehani.

Sasa alikuwa amejificha nyuma ya wanajeshi, ananionyesha kama mtu aliyeona nyoka kwenye kuni.

"Amefanya nini?" commandant, mkubwa wao, akauliza.

"Anataka kuua mutu! Minasikia na masikio yangu!"

"Kuua nani?"

"Mimi!"

Nikacheka.

Ndugu zangu mnaosoma, msicheke kamwe mbele ya mwanajeshi mwenye njaa. Nilishikwa mkono, nikasukumwa nje ya ofisi yangu na viatu vikabaki ndani. Majirani walikuwa wanachungulia madirishani. Hakuna aliyeuliza neno.

Huo ulikuwa mwaka wa 2002, wakati wa rébellion, vita vya uasi. Butembo ilikuwa na wanajeshi wake, porini kulikuwa na wengine, na kati ya Butembo na Beni vizuizi kila kona. Mtu akikutaja vibaya asubuhi, jioni mama yako anazunguka makambi akikuulizia. Wengine wanauliziwa hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo nilipofikishwa bureau, ofisi ya commandant, kicheko kilikuwa kimeshaniishia.

"Sema vile ulisikia," akamwambia Gérard.

Na Gérard akasema. Neno kwa neno! Alikuwa amesimama dirishani kwangu, akanisikia nikipiga kelele na mwenzangu wa kazi kwenye phonie, ile redio ya kuongelea na watu wa mbali. Simu zilikuwa bado hazijatufikia. Phonie ukiongea, ukimaliza unasema "à vous" ili mwenzako ajibu, na mji mzima unakusikia.

Hivi ndivyo alivyosikia:

"Salomon! Kambale anapashwa kufa leo! À vous!"

"Leo leo? À vous!"

"Leo! Mbele mafuta ya groupe iishe! Ua batoto yake kwanza, kisha baba yao. Hapana acha hata moja! À vous!"

"Na vitu ya Eringeti? À vous!"

"Ya Eringeti ninajua yote sasa! Njo ile inatusumbua! Futa yote! Kasereka anachukua nafasi yake! À vous!"

Commandant akanigeukia polepole.

"Ulisema vile?"

Nilisema? Nilisema! Kila neno lilikuwa langu. Na mchumba wangu, Gérard wangu, jina lake la kuzaliwa ni... Kambale.



Ngoja niwaeleze, kwa sababu commandant hakunipa nafasi, ila nyinyi mtanipa.

Mimi ni Falonne. Nilisomea informatique, mambo ya kompyuta, Kampala, nikaajiriwa na papa Aruna, mfanyabiashara mkubwa wa Beni mwenye malori na depo Butembo, Beni, Eringeti mpaka Kamango. Siku moja papa Aruna akarudi kutoka Dubai na programu kubwa ya biashara. Programu moja ya kubeba kila kitu: stoki, malori, mishahara, depo zote. Ilihitaji seva ya Unix, na seva zetu zilikuwa Beni kwa mwenzangu Salomon.

Watu wanadhani kuweka programu ni kuingiza CD. Kuingiza CD hata mbuzi akifundishwa anaweza! Kazi ni maandalizi. Diski ina nafasi? Kumbukumbu inatosha? Mfumo ni toleo lile linalotakiwa? Kila kilichokuwa kinakimbia kimezimwa? Ukikosea kimoja, programu inakufia katikati, na hesabu za tajiri zinakufa nayo.

Sasa, majina. Sisi Wanande mvulana anapewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Salomon alibatiza mashine zetu vivyo hivyo. Mumbere alipigwa na radi. Kambale akachukua kazi, akazeeka nayo. Kasereka alikuwa ndiyo kwanza amefika, bado yuko kwenye plastiki, lakini diski yake ilikuwa ndogo. Tukapanga: hesabu zote ziwekwe kwanza kwenye kanda, Kambale azimwe, diski zake zifutwe, apewe Kasereka, yote kabla groupe, jenereta yetu, haijaishiwa mafuta.

Na watoto? Kwenye Unix programu moja inazaa nyingine. Inayozaa ni baba, zinazozaliwa ni watoto. Amri ya kuzima inaitwa "kill", yaani ua. Siyo mimi niliyeiita hivyo!

Na huko Eringeti? Depo ya Eringeti ilikuwa inatuma hesabu zilezile mara mbilimbili, zikajaza diski yote. Basi.

Mimi mchumba wangu nilimwita Gérard tu. Kambale alikuwa anaitwa na mama yake. Haikunijia kichwani hata kidogo!

"Commandant, ile Kambale iko machine," nikasema.

"Machine iko na batoto?"

"Ndiyo, commandant."

"Na baba?"

"Ndiyo..."

Akamwangalia askari wake. Askari akainua mabega.

"Huyu mwanamuke anatuchezea," askari akasema.

"Na weye," commandant akamwambia Gérard, "juu ya nini mchumba wako akuue?"

"Iko na bwana mwingine. Ule Kasereka! Si umesikia, anachukua nafasi yangu?"

Yaani mimi! Mimi ambaye sikuwa na muda hata wa kusuka nywele, nina bwana mwingine! Nilitaka kumrukia. Askari akanikalisha chini kwa kitako cha bunduki.

"Commandant, ita Beni kwa phonie," nikaomba huku nalia. "Uliza Salomon. Tafazali!"

Akafikiri. Akanisogezea kipaza sauti. "Ita weye. Lakini neno moja ya kumufundisha, unajua pahali utalala."

Nikabonyeza.

"Salomon, Salomon, huyu ni Falonne. À vous..."

Kabla sijaongeza neno, sauti ya Salomon ikalipuka kwa furaha:

"Falonne! Kambale amekufa! Na batoto yake yote! Nimefuta yote mpaka hapana kitu! Kasereka iko tayari! À vous!"

Mungu wangu.

Askari akakoki bunduki. Gérard akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilifumba macho na kuanza Salamu Maria, nikakwama katikati kama sijawahi kuisali.

Lakini commandant hakuwa mjinga. Alimwangalia Gérard kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akaiangalia phonie.

"Kambale amekufa," akasema. "Sasa huyu mwenye anasimama hapa iko nani?"



Akachukua phonie mwenyewe, akawaita askari wake wa Beni, akawatuma depo ya papa Aruna. Watafute maiti!

Tukangoja. Nilizunguka ukuta kwa ukuta mpaka askari akachoka kuniambia nikae. Nikakaa. Nikasimama. Nikaanza kung'ata kucha ambazo sijawahi kuzing'ata tangu utoto. Gérard kila mlango ukilia anaruka. Hatukuangaliana. Niliwaza: na kama Salomon ameogopa akakimbia? Na kama watavunja Kasereka wakidhani ni mtu aliyejificha sandukuni?

Phonie ikakohoa.

"Commandant, Kambale tumemuona. Eko mu sanduku. À vous!"

Nikafumba macho tena.

"Sanduku ya maiti? À vous!"

"Hapana, commandant... sanduku yenyewe njo Kambale. Ordinateur, kompyuta! Banaandika jina yake hapa mbele. À vous!"

Weee! Commandant alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Askari wakacheka. Mmoja alikuwa anajipiga mapaja akimwita Mungu: "Kambale njo ordinateur, o Nzambe!" Hata Gérard akacheka, kicheko kile cha mtu aliyepona kichapo.

Na mimi? Mimi mjinga wenu nilishaanza kumsamehe. Nikasema moyoni, kumbe aliogopa tu. Vita vimetuharibu wote. Nikainuka nitafute njia ya kwenda nyumbani.

"Bakia kwanza," commandant akasema.

Hakuwa anacheka tena. Na hakuwa ananiangalia mimi.

"Ba Kambale beko wengi mu Butembo," akamwambia Gérard. "Mu hii bureau pekee niko nabo wawili. Bote banasikia phonie kila siku. Mbona weye moja tu njo ulikimbia?"

Gérard akaangalia sakafu.

"Nauliza! Mbona ulijua iko weye?"

"Commandant... alisema anajua ya Eringeti."

"Eringeti iko nini?"

Askari akapiga hatua moja, basi maneno yakamwagika yenyewe.

"Iko bibi yangu! Virginie... na batoto yetu. Nikasikia anasema banaue batoto, hapana acha hata moja! Ningefanya nini, commandant? Beko batoto yangu!"

Alikuwa analia. Na hapo hakuwa anadanganya, naapa. Yale yalikuwa machozi ya baba.

Nilisimama pale kama mti.

"Gérard... uko na bibi Eringeti?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si ulisema ulijua yote?"

Nilijua yote? Nilijua nini mimi? Nilijua diski imejaa!

Jamani, iliniuma. Iliniuma kuliko kitako cha bunduki. Amesema nina mwanaume mwingine ili nipigwe risasi, wakati yeye ndiye mwenye nyumba pembeni! Lakini niwaambie ukweli: sehemu moja ya moyo wangu ilimwelewa. Mtu akitaja kifo cha mtoto wako, miguu inakimbia kabla ya kichwa. Nilimwelewa, na sikumtaka tena. Vyote viwili.

Commandant akaniachia. Gérard akabaki kidogo, sijui walimfundisha nini.

Nilipanda lori la papa Aruna mpaka Beni, nikamaliza maandalizi na Salomon. Kasereka akapokea programu bila kikwazo hata kimoja. Salomon aliponiona nimevimba macho akauliza nini kimetokea, nikamwambia tu: mashine ijayo iite jina la mlima.

Somo langu ni fupi. Kabla hujamkimbiza mwenzako kwa wenye bunduki, muulize: "Kambale yupi?" Gérard angeuliza hivyo dirishani, ningejibu "seva", tungekunywa chai, na mpaka leo ningekuwa mke wa mume wa mtu. Lakini mwenye siri hana ujasiri wa kuuliza swali, anaogopa jibu. Na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mnaulizia mbuzi?

Wajomba wa Gérard walizifuata. Wakasimama uani, wakasalimu vizuri, wakamwambia baba yangu wamekuja kuchukua mbuzi za Kambale.

Baba alikuwa anawamwagia mbuzi majani. Hakugeuka hata.

"Kambale gani?"

"Si Kambale wa Falonne, mzee."

"Aah, ule?" baba akasema. "Poleni sana. Ule alikufa mu Beni. Butembo yote ilisikia kwa phonie."