Tangi la Ma Kokwijuka

Siku ile ilianza vizuri. Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa kwetu Kahororo, mke wangu Edvina anamenya ndizi, mimi nanoa panga, harufu ya kahawa inatoka jikoni. Ndipo simu ikaita kutoka Kemondo, kwenye kiwanda cha samaki alikokuwa akifanya kazi shemeji yangu Rwekaza. Waliuliza kama yuko kwetu.

Niwaambie kwanza Rwekaza ni nani, na msitegemee nimwonee huruma. Alikuwa kaka yake Edvina, mtoto pekee wa kiume wa Ma Kokwijuka. Mama mkwe wangu huyo alizikwa kama wazee wetu wanavyozikwa, kwenye kibanja chake, shamba lake la nyumbani pale Kemondo, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe. Na mikono hiyo niliijua. Kidole cha kati cha mkono wa kulia hakikuwa na ncha. Kisu cha kumenyea ndizi kilikikata akiwa msichana.

Udongo wa kaburi haujashikana vizuri, Rwekaza akakiuza kibanja. Kiwanda kilitaka mahali pa kujenga tangi la kusafishia maji machafu. Edvina alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba mama yao ahamishwe kwa heshima. Akadarizi shuka jeupe, akalitia maua ya kahawa pindoni, akampa kaka yake akaifungie mifupa.

"Umtoe kwa mikono yako mwenyewe, Kaka," alimwambia. "Usimwachie mtu mwingine."

"Edvina, nakuapia kwa jina la Mama."

Akaja na jeneza Kanazi, kwenye kibanja kidogo alichokinunua huko. Lilikuwa zito na limeshapigiliwa misumari. Padri akalibariki, tukazika, mke wangu akapanda nyasi juu yake. Rwekaza naye akapewa kazi kiwandani, ya kutia dawa kwenye tangi.

Dawa yenyewe ni shabu, ile ile ambayo bibi zetu waliizungusha mtungini maji yakichafuka. Maji ya kuoshea samaki huingia tangini mekundu, yamejaa damu na mafuta. Unatia shabu, mashine inakoroga kwa kasi, halafu taratibu. Uchafu uliotawanyika, hata ule usioonekana kwa macho, unaanza kutafutana. Unashikana, unakuwa madonge kama maziwa yaliyokatika, unazama. Juu yanabaki maji maangavu, yanaachiwa ziwani. Haya alitueleza Joanitha, binti wa maabara pale kiwandani, na mengine yote aliyaona yeye.

Kila asubuhi Joanitha hujaribu kwanza kwenye bilauri ili ajue kiasi cha shabu. Wiki moja kabla ya Jumamosi ile ilinyesha mvua kubwa. Ukasombwa udongo wa kibanja uliokuwa umerundikwa kando ya tangi, ukaingia humo. Kesho yake madonge hayakuzama ovyo kwenye bilauri. Yalijipanga. Yakawa kiganja kidogo cheupe, kimelala chali. Kidole cha kati kilikuwa kifupi.

Joanitha alimwita Rwekaza.

"Unaona nini, kaka?"

Aliichukua bilauri, akaimwaga, akaisugua kwa mchanga mpaka ikakwaruzika.

Tangu hapo aliacha kutia shabu. Aliificha mifuko stoo, akawa anasema ameshatia. Maji yakaingia ziwani mekundu, wavuvi wakalalamika, meneja akawaka. Jumamosi ile Joanitha akaamua kutia mwenyewe, mara mbili ya kawaida. Rwekaza alipoikuta mifuko mitupu alikimbilia tangini kuzima mashine. Joanitha alimwona kupitia dirisha la maabara.

Mashine ilikuwa imeshasimama. Yenyewe.

Rwekaza aliinama ukingoni. Maji yalikuwa yametulia. Akasikika akisema, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa na mzazi, "Naam, Mama."

Joanitha akapepesa macho. Ukingo ulikuwa mtupu. Walimtafuta kila mahali, hata kwetu kwa simu.

Tulipofika Kemondo walikuwa wamemaliza kuyatoa maji. Chini lilibaki tope la kijivu, na juu ya tope kitu kirefu kilichofungwa shuka. Wakakipandisha kwa kamba. Wakakifungua.

Lilikuwa shina la mgomba. Limekatwa kwa panga ncha zote mbili, urefu wa mtu, limeanza kuoza.

Edvina hakuliangalia shina. Alikuwa anapapasa pindo la shuka, ua moja la kahawa baada ya jingine.

"Hili tulilizika Kanazi," alinong'ona.

Ndipo nilipoelewa. Yule bwana hakumgusa mama yake hata kidogo. Alimwacha tingatinga limfukue na kumchanganya na udongo, halafu akatuletea mgomba tuulilie.

"Twende Kanazi," Edvina alisema.

Nyasi za kaburi zilikuwa zimesimama vile vile alivyozipanda. Hakuna aliyekuwa amechimba. Jua lilikuwa la utosi.

Kitu kikagonga chini.

Kimya. Kikagonga tena. Kisha sauti ya Rwekaza, nyembamba, kutoka mbali chini ya miguu yetu, ikaita jina la dada yake.

"Nikalete jembe?" niliuliza.

Edvina alitandika kanga yake juu ya kaburi, akakaa, akatoa rozari.

"La nini, waitu?" alisema taratibu. "Kaka aliniapia kwamba humu yumo Mama. Mwache Mama apumzike."

Akasali rozari nzima. Nilikaa kando yake, nikaitikia. Alipofika kwenye Salamu Malkia, sala ya kuifunga rozari, kugonga kulikuwa kumekwisha. Polisi walimtafuta ziwani kwa muda, wakachoka. Sisi hatukuulizwa kitu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda nyuma ya nyumba kukata mkungu. Chini ya migomba yetu palikuwa na tuta ambalo jana halikuwapo, la tope la kijivu, bado bichi. Lilikuwa limelainishwa kwa mikono, alama za viganja bado zinaonekana. Hapakuwa na nyayo, wala za kuja wala za kuondoka.

Nilimwita Edvina. Alipiga magoti, akaweka mkono wake wa kulia juu ya alama moja ya kiganja. Ulienea sawasawa. Kidole cha kati tu ndicho kilichozidi.