Lebo ya Ng'ambo kwenye Mkoba wa Mama

Kila alasiri Rehma alipotoka shuleni, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia soko la Kibuye, akaketi kwenye kigoda kando ya mama yake, Bi Zeituni, akamtungia sindano za kutosha mpaka kesho. Macho ya Bi Zeituni yalikuwa yamechoka. Daktari alikuwa amemwambia avae miwani. Aliitikia vizuri tu, kisha akarudi kushona mikoba kwa kupapasa, maana kodi na unga havimngojei mtu apate miwani.

Mikoba yake ilikuwa ya ngozi, imara, yenye mikanda aliyoishona mara mbili kwa mkono. Wateja waliigeuzageuza, wakaivuta, wakaisifu, halafu wakaomba wapunguziwe mpaka ikabaki bei ya uzi. Watu husema kizuri chajiuza. Labda kwingine. Pale Kibuye kizuri nacho kilipigwa na jua kutwa nzima, na jioni kikarudishwa nyumbani kwenye gunia. Rehma, msichana wa darasa la saba, alikuwa amechoka kumwona mama yake akichoka.

Aliyemuudhi kuliko wote ni Mama Joram, mke wa mwenye duka la mabati. Aliupenda mkoba mmoja wa kahawia, akaja kuushika tena na tena, lakini hakuununua. Alieleza kwamba wenzake wa chama walibeba mikoba ya ng'ambo yenye majina ya watu wa Ulaya, nao walikuwa wamemcheka kikapu chake. Wakimuuliza alikonunua huu atasema nini? Kibuye? Basi akaurudisha msumarini na kwenda zake.

Jirani yao, Nicodemus, aliuza mitumba. Siku hiyo alikuwa ametupa mkoba mkuukuu wa kike uliotoka kwenye robota: mkanda umekatika, bitana imeoza, lakini lebo yake bado inameremeta kwa herufi za dhahabu. Rehma aliuokota mkoba huo. Akaifumua lebo taratibu, na mama yake alipokwenda kununua uzi, akaishona kwenye ule mkoba wa kahawia.

Jumamosi, Bi Zeituni alipokwenda kuswali adhuhuri, Mama Joram akapita. Aliiona lebo, akasimama, asiutambue mkoba aliokwisha kuushika mara nyingi. Rehma alimwambia kwamba mkoba huo ulitoka kwenye robota la Nicodemus, wa ng'ambo hasa. Mama Joram hakuomba kupunguziwa hata shilingi. Alilipa bei ambayo ingenunua mikoba mitano ya Bi Zeituni, akaondoka akiukumbatia.

Rehma alimpa mama yake bei ya kawaida. Zilizobaki alizificha ndani ya kopo uvunguni mwa kitanda. Hakujiona mwizi. Aliiona miwani tu.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Rehma haikufika hata mwisho wa mwezi. Mama Joram alirudi na mkoba wake, zipu imekwama. Aliuweka mapajani mwa Bi Zeituni kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga.

"Ushike polepole, Mama Rehma," alisema. "Huu si kama hiyo yako. Angalia mshono wa wenzako, nawe ujifunze kitu."

Bi Zeituni alipitisha vidole ndani, akafuata zipu mpaka mwisho wake. Hapo alikuwa na desturi ya kufunga mafundo mawili yanayotazamana. Vidole vikatua juu ya mafundo hayo. Rehma alitamani ardhi impasukie, immeze na kigoda chake. Mama yake aliinyoosha zipu kwanza, akaifungua na kuifunga, ndipo akainua uso.

"Rehma," alisema kwa sauti ya uchovu, "mwambie Mama Joram ameshika mkoba wa nani."

Rehma alisema yote, lebo, robota na kopo, huku machozi yakimtiririka. Waliokuwa karibu walingoja matusi. Lakini Mama Joram alikaa tu juu ya magunia.

"Nimeutembeza mbele ya watu," alisema hatimaye. "Nimewaapia kwamba ni wa ng'ambo. Sasa mwongo ni nani, mimi au wewe?"

Rehma alitumwa nyumbani kulileta kopo. Bi Zeituni alizirudisha fedha zote, na ile bei ya kawaida akaiongeza kutoka kwenye pindo la kanga yake. Mama Joram akazipokea, akauacha mkoba, akaenda bila kuaga.

Rehma aliambiwa aifumue lebo ile mwenyewe. Ilipotoka, ngozi ilibaki na matundu madogo ya sindano. Bi Zeituni akautundika mkoba mbele kabisa na kusema kwamba kila atakayeuliza matundu hayo ni ya nini, Rehma ndiye atakayemjibu.

Waliuliza wengi. Wengine walicheka, wengine waliuachilia mkoba kama uliowachoma. Kujibu kulimchosha Rehma kuliko kazi yoyote. Jioni moja alimuuliza mama yake kama mikoba ya ng'ambo ina thamani kweli. Bi Zeituni alisema amewahi kuifungua mingi ili kuitengeneza. Mingine imeshonwa vizuri sana, na mshono wa mikanda alijifunza humo. Mingine ni gundi tupu. Lakini jina lililo juu halibebi kitu. Huwezi kutia humo hata kitunguu.

Ndipo akaja Dorca, mama wa makamo aliyeuza samaki huko Dunga, ufukweni mwa ziwa. Aliukanyaga mkanda wa ule mkoba kwa mguu, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukulegea. Kisha akauliza habari za matundu. Rehma alimweleza bila kuficha neno, akangoja amwone akiondoka.

Dorca alicheka mpaka akajifuta macho. "Yawa, nyathina, mwanangu," alisema, "samaki wangu hawajui kusoma. Nipimie huo mkanda vizuri, niuvae begani." Alinunua, na wiki iliyofuata akaja na wenzake, kila mmoja akiagiza wake. Walisema binti anayetaja kasoro ya bidhaa yake hawezi kuwauzia kibovu. Mama Joram naye alizoea kupita na mkoba mwingine wa ng'ambo, akisalimu bila kusimama.

Shule zilipokaribia kufungwa, kazi za akina mama wa Dunga zilikuwa zimeleta miwani. Bi Zeituni aliivaa, akachukua sindano, akaitunga mwenyewe. Akamgeukia binti yake.

"Ulitaka nione, mwanangu, na nia yako naijua," alisema. "Lakini ulitaka kunipa mimi macho kwa kumfumba mwenzangu yake. Mkoba ukichanika, nitaushona. Jina letu likichanika pale sokoni, sina uzi wa kulishonea."

"Nimesikia, Mama," alijibu Rehma. Akavuta kigoda karibu, akaanza kukata mikanda ya kesho.