Mtu Nyuma Yako!

Kila asubuhi kabla ya shule, baba hunikalisha kwenye ngazi ya jikoni anifunge kamba za viatu, ingawa nina miaka kumi na miwili na kufunga kamba nilijua tangu darasa la kwanza. "Fundo la beki halifunguki," husema kila siku, na kila siku namjibu kwamba ameshazeeka. Wakati wa kisa hiki alikuwa beki wa kati na nahodha wa timu kubwa ya mji wetu. Mashabiki walimwita Komeo, maana akishafunga, hapiti mtu. Mimi ananiita Kasuku. Sababu mtaa mzima unaijua: sinyamazi.

Lakini kuna wiki moja Kasuku nilizibwa mdomo, na sijawahi kuogopa vile maishani.

Ilianza Jumamosi kwenye nusu fainali. Ilipigwa kona, baba akaruka pamoja na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana. Ule mlio niliusikia kutoka jukwaani. Baba alianguka, akalala kidogo, kisha akainuka na kunyoosha dole gumba. Daktari wa timu alimkimbilia akamuuliza kama anaweza kuendelea.

"Sijambo kabisa," baba akajibu. Tulishinda, watu wakambeba juujuu.

Jumapili alifunga mapazia yote, akisema jua linamchoma macho. Chai yangu akaitia chumvi. Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniuliza mama atarudi lini, nikamwambia Ijumaa, amekwenda kumuuguza bibi. Dakika tano hazijapita, akaniuliza tena kwa maneno yale yale.

"Baba, kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu. Sikiliza, Kasuku. Alhamisi daktari atanipima. Ataniambia nitaje miezi kinyumenyume, halafu nikumbuke maneno matano. Miaka yote ni yale yale: mto, kiatu, kengele, sabuni, dirisha. Utanifanyisha mazoezi."

"Si huo ni udanganyifu?"

"Mwanzoni mwa msimu alinipima nikiwa mzima, nikajifanya mzito makusudi, ili siku nikiumia asione tofauti. Sote tunafanya hivyo." Alicheka, lakini mkono ulikuwa umeshika kichwa. "Fainali ni Jumamosi, na mkataba wangu unaisha mwezi huu. Beki wa miaka thelathini na minne akikaa benchi sasa, ndiyo basi tena. Usimwambie mtu. Hata mama yako."

Nikaahidi. Ningemkataliaje baba yangu?

Tukaanza. Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba... Siku ya kwanza alikwama Agosti, mtu huyu anayejua kila mshambuliaji wa ligi anapendelea mguu gani! Jumanne jioni aliimba miezi yote kama mtoto wa chekechea. Nikampigia makofi, nikajidanganya kwamba amepona.

Jumatano niliporudi kutoka shule, harufu ya kuungua ilinipokea mlangoni. Jikoni kulikuwa na moshi mtupu, na sufuria ya wali ilikuwa nyeusi tii juu ya jiko. Hatua mbili kutoka hapo, kwenye ngazi yetu, baba alikuwa amekaa, kavaa jezi na soksi ndefu, akifunga viatu vyake vya mpira.

"Mbona uko huku?" akaniuliza. "Nenda jukwaani, mechi inaanza."

"Baba, leo Jumatano!"

Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto wa watu. Nilizima jiko, nikafungua madirisha. Moshi ulipopungua, akili zikamrudia. Akaiona sufuria, akaiona jezi aliyoivaa. Nikamwona baba yangu akiogopa, na hapo ndipo hofu yangu iliponimaliza, kwa sababu nilikuwa nikidhani baba haogopi kitu.

"Kasuku," alinong'ona, "na hili pia usiseme."

Alhamisi tulikwenda pamoja uwanjani. Chumba cha daktari kiko chini ya jukwaa. Kina kitanda kimoja, mizani na harufu kali ya dawa ya kuchulia misuli. Daktari alikuwa mama mnene mwenye miwani, mcheshi. Baba alitaja miezi kinyumenyume bila kukwama. Akataja maneno matano yote.

"Safi sana, nahodha," daktari akasema. Akavuta karatasi ya ruhusa, akafungua kalamu.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nikisema, baba anakosa fainali na mkataba, tena kwa kinywa changu mimi. Nikinyamaza, Jumamosi ataruka tena na kichwa kile. Nikakumbuka siku aliyotufundisha mpira mimi na rafiki zangu. Alisema mwenye mpira haoni nyuma yake, kwa hiyo beki ndiye macho yake. "Ukimwona adui anamjia mwenzako kwa nyuma, piga kelele: Mtu! Akikasirika, na akasirike. Beki anayenyamaza ameshafungisha timu."

Kalamu ikagusa karatasi.

"Mtu!" nilipiga kelele. "Mtu nyuma yako, baba!"

Kwa mazoea yake, baba aligeuka haraka kutazama nyuma. Palikuwa na ukuta tu. Alipogeuka tena, mimi nilikuwa nimeshaanza kulia na kusema yote: chumvi, mapazia, miezi, sufuria.

"Wewe mtoto, nyamaza!" baba akaunguruma. Nikajibanza nyuma ya mizani.

Daktari aliinua mkono. "Mwache. Nahodha, nakupa maneno mengine. Kamba, yai, ngazi, shuka, moto." Akamuuliza habari za mazoezi kidogo, kisha akasema, "Haya, nitajie yale maneno."

"Mto," baba akaanza polepole. "Kiatu. Kengele..."

Akasimama hapo. Alijua amekosea, ila hakujua amekosea wapi.

Daktari akafunga kalamu. "Ubongo wako umetikisika, haujatulia. Ukigongwa tena kabla ya kupona, unaweza usiinuke. Jumamosi hii hii, mbele ya mtoto wako. Na mimi nina kosa langu. Nilikuwa nakupima kwa mazoea."

Njiani baba hakunisemesha. Niliogopa kwamba hatanisemesha tena maisha yake yote. Ijumaa mama alirudi, nikamweleza yote; akalia kwanza, kisha akagomba: "Mficha maradhi kifo humuumbua! Ulitaka nirudi nikute nini?"

Fainali tuliitazama kutoka jukwaani, baba kavaa miwani myeusi. Tulifungwa moja bila, tena kwa kona. "Komeo angekuwepo!" mtu akalalamika nyuma yetu. Sikuthubutu kumtazama baba. Nikahisi mkono wake unautafuta wangu, nikaushika.

Baada ya wiki tatu za kupumzika, alipimwa kwa maneno mapya. Akataja manne. La tano lilikuwa kikapu, na mdomo ulikuwa ukiniwasha. Akanitazama, kisha akamgeukia daktari. "La tano silijui. Andika hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata aliyataja yote. Timu haikumwongezea mkataba wa kucheza. Ilimpa wa kuwafundisha mabeki wa timu ya vijana. Siku hiyo tulikaa kwenye benchi pembeni mwa uwanja, akainama kunifunga kamba.

"Miaka kumi na mitano nimewapigia kelele wenzangu," alisema. "Hatari ilipokuja nyuma yangu mimi, nikamziba mdomo mtu pekee aliyeiona. Nisamehe, mwanangu. Ukiumwa, sema. Ukiona mwenzako anaumwa na anaficha, sema pia, hata akikuchukia. Na mtu mzima asikupe siri ya kuficha maradhi, hata akiwa baba yako."

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuweza kusema, mimi Kasuku.

"Kwani mama yako atarudi lini?" akauliza.

"Baba! Mama yuko nyumbani!"

Akaangua kicheko. "Najua, nakutania."

Nilimpiga ngumi ya bega, machozi yakinitoka. "Usirudie tena! Sikia, usirudie!"

"Haya, sirudii," akasema, akakaza fundo.