Jina Walilokipa Kirusi

Kichupa cha maji matupu hakikutakiwa kuwa na kitu. Kila wataalamu wa maabara wanapopima sampuli za wagonjwa kuona kama kirusi kimejigeuza, wanapima na maji matupu pia. Yakitoka safi, wanajua hawakuharibu kazi. Asubuhi hiyo maji yalikuwa na kirusi. Tena kipya kabisa, ambacho hakijaonekana kwa mgonjwa yeyote.

Sasa, pale maabara walikuwa na mchezo wao wa kipuuzi. Kabla kirusi kipya hakijapewa namba na wakubwa, anayekiona kwanza hukibandika jina la utani. Kimoja walikiita Shemeji, eti kinaingia bila kupiga hodi. Hiki cha kwenye maji alikiona mkuu wao, mtu asiye na breki mdomoni, akamgeukia dada aliyekuwa akipanga vichupa.

"Hiki tukiite Chiriku, kama binti yako. Hakitulii!"

"Mkuu, mwanangu muache. Tafadhali."

"Utani tu, Mama Chiriku! Mbona unanuna?"

Akakifungia kichupa ndani ya friza, akaliandika jina kwa kalamu nene mlangoni, wenzake wakacheka. Wapumbavu wakubwa.

Mchana friza ikaanza kunuka udi, katika chumba ambacho hata manukato ni marufuku. Kisha kitu kikagonga mlango wake kwa ndani, polepole, kama mtu mwenye subira. Mama Chiriku alivua glavu akakimbilia nyumbani, maana moyo ulishamwambia.

Alimkuta mtoto anawaka homa, amepakatwa na shangazi yake, mganga aliyezoea kushindana na majini.

"Chiriku!" mama aliita.

"Abee," mtoto akajibu.

"Abee," ikajibu sauti ile ile chini ya kitanda.

Shangazi hakupiga kelele. Alinong'ona tu: "Wifi, nani kampa jini jina la mtoto huyu? Huyo huyo aende akamnyang'anye. Upesi!"

Mama akarudi kazini mbio, viatu mkononi, akamkuta mkuu anakunywa chai, akamkaba koti lake jeupe na kumburuta mpaka mbele ya friza iliyokuwa ikinuka udi na kuhema kama mtu, huku akimwambia kwamba aliyetoa jina ndiye wa kulichukua, na kwamba mwanawe akifa atamfungia humo humo yeye na utani wake.

Mkuu alitaka kucheka. Friza ikagonga.

"Chiriku si jina lako," alisema. "Toka! Si jina lako!"

Harufu ikakata, kugonga kukakoma. Hapo hapo shangazi akapiga simu: homa imeshuka. Mama alilia kwa furaha njia nzima.

Alimkuta mtoto ameketi kitandani, anakunywa maziwa.

"Chiriku wangu!"

Mtoto hakugeuka.

"Chiriku?"

"Si jina langu," akasema, bila kuacha kunywa. "Yule mzee wa koti jeupe kanikataza."

Shangazi alirudi nyuma mpaka akagota ukutani. Simu ya mama ikaita. Alikuwa mkuu, na safari hii hakuwa na utani wowote.

"Mama Chiriku, njoo haraka. Kuna mtoto analia ndani ya friza. Anakuita wewe."